Ripoti Niliyoisaini Usangu

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Iringa mjini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nimevaa viatu vya kuazima. Bwana Mifugo wa Wilaya, mtu mwembamba aliyesema polepole, hakutaka hata kuona cheti changu. Alinipeleka moja kwa moja machinjioni, akanipa kisu.

"Mnyama aliyekufa hasemi uongo," aliniambia. "Mpasue, tazama, andika ulichokiona. Basi."

Enzi zetu bwana mifugo msaidizi alitembea kwa baiskeli, sanduku la chanjo limefungwa nyuma. Adui yetu mkubwa alikuwa homa ya mapafu. Ukimpasua ng'ombe aliyekufa kwa homa hiyo, unakuta pafu limekuwa gumu, lina michirizi kama marumaru, limegandana na mbavu. Ukishaliona mara moja hulisahau. Ugonjwa ukiingia mahali, tunaweka karantini: hakuna ng'ombe kuingia wala kutoka bila kibali. Nilifanya kazi hiyo Kilolo, kisha Ruaha Mbuyuni, nikikagua vibali vya mifugo kwenye barabara kuu. Baadaye nikahamishiwa Usangu, mkoa wa Mbeya.

Huko nilisimamia josho, lile birika refu la dawa ambamo ng'ombe huogeshwa ili kupe wafe. Mhudumu wa josho alikuwa Ambakisye, Mnyakyusa mcheshi aliyeongoza kwaya ya kanisa letu. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa hilohilo. Tulikuwa kama ndugu.

Mkubwa wetu wa kazi pale alikuwa na ng'ombe wake binafsi. Kiangazi kimoja aliingiza wengine kumi na wawili kutoka eneo la karantini, bila kibali. Wiki chache baadaye mmoja wao akafa. Ambakisye alimshika miguu, mimi nikampasua. Pafu lilikuwa marumaru tupu. Niliandika nilichokiona.

Kesho yake mkubwa aliniita ofisini. Ripoti yangu ilikuwa mezani, na pembeni ilikuwepo nyingine, imeshapigwa taipu. Ilisema ugonjwa umeletwa na kundi la Masanja, mfugaji Msukuma aliyehamia kutoka kaskazini na familia yake.

"Ndugu yangu, una watoto wangapi?"

"Wanne, mzee."

"Wanasoma?"

"Wawili wameanza."

"Vizuri. Kuna kituo huko mbali kinataka mtu. Hakina shule." Akanisogezea kalamu. "Au unaonaje?"

Nilijiambia Masanja ni mgeni tu, atahama kama alivyohamia. Nikasaini.

Kuanzia siku ile sikula vizuri. Gari likipunguza mwendo barabarani, niliacha kazi nikachungulia ni la nani. Masanja akija joshoni na kuniamkia, "Shikamoo, bwana daktari," niliitikia huku nikitazama kwato za ng'ombe wake. Walikuwa wazima, wanang'aa.

Baraza likaitishwa. Ikasomwa amri: kundi la Masanja lichinjwe lote, naye aondoke. Masanja alisimama, kofia mkononi.

"Wazee wangu, ng'ombe wangu hata kukohoa hawakohoi. Muulizeni bwana daktari."

Kabla sijaulizwa, Ambakisye alinyanyuka. "Aliyekufa hakuwa wa Masanja. Mimi nilimshika miguu. Alikuwa wa mkubwa."

Mwenyekiti akanigeukia. "Bwana mifugo, ndivyo?"

Ambakisye alikuwa ananitazama, karibu anatabasamu, kama mtu anayejua msaada umeshafika. Mkubwa hakunitazama kabisa.

"Ripoti ipo kama ilivyoandikwa," nikasema.

Ng'ombe walichinjwa. Mke wa Masanja alilia akiwataja kwa majina, mmoja mmoja. Wiki ile ile Ambakisye alifukuzwa kazi kwa ukaidi. Jumapili mchungaji akaniomba mimi, mzee wa kanisa, nimwombee ndugu yetu aliyepata jaribu. Niliomba kwa maneno mazuri mno, watu wakafuta machozi. Nilipomaliza, Ambakisye alisema amina kwa sauti, akaondoka. Hakurudi tena kuimba.

Mimi nilipandishwa cheo, nikahamia Mbeya mjini, nikastaafu salama. Watoto wote wanne walisoma. Mkubwa alipofariki ndipo nilipofunga safari kwenda Tukuyu kumtafuta Ambakisye. Nilimkuta akipalilia migomba. Nilimweleza yote, hata yale aliyoyajua.

"Nilijua utaogopa, kaka," alisema. "Mimi pia niliogopa. Ila nilidhani tungeogopa wote wawili tukiwa tumesimama." Akanikaribisha chai. Juu ya Masanja hakuna aliyejua alikoelekea.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii mna pikipiki na maabara, nanyi mtaletewa karatasi iliyokwisha kupigwa taipu. Nilidhani imani yangu ilikuwa kwenye sala na kiti changu cha mbele kanisani. Siku ilipohitajika, ilitakiwa sentensi moja tu, nami nilikuwa nayo mdomoni.

Mwaka jana niliomba ruhusa nikalisimulia jambo hili mbele ya usharika wetu. Nilipomaliza, watu walinipigia makofi, wakasema mzee ni jasiri. Nilikaa chini kwa aibu. Hapakuwa tena na mtu wa kunifukuza kazi.