Dereva wa Kadi na Hodi Tatu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa binti mbichi, mama alipita mtaani kwetu Langoni akiwaambia majirani kwamba nimeajiriwa kuandika dereva. "Dereva wa nini," wakamuuliza, "na mui hauna ndia ya gari?" Mji wetu ni wa vichochoro, gari haliingii, na mimi nikacheka hadi mbavu zikauma.

Dereva wangu ni programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi iliyochomekwa ndani yake. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Ofisi yetu ya utafiti wa bahari ilikuwa na kompyuta ya Unix, ikanunua kadi ya kupokea vipimo kutoka chombo cha kupimia maji gatini. Kadi ikaja bila dereva. Mkuu wetu, Bwana Mutua, mtu wa bara asiyezunguka maneno, akaniambia: "Ijumaa ikifika kama haijafanya kazi, hii kompyuta inarudi Mombasa." Na kibarua changu kingekwenda nayo.

Niliandika. Chombo kikiwa tayari, mambo yalikwenda sawa. Kikichelewa kujibu, kompyuta nzima iliganda, hata mshale kwenye skrini haukusogea. Kwa nini mmoja azubae, wafe wote? Swali lile lilinikosesha hata ladha ya chakula. Nikaisoma programu yangu mwanzo hadi mwisho, tena na tena. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwishowe nikasema kadi ni mbovu. Nyani haoni kundule.

Alhamisi adhuhuri nilikwenda kula kwa shangazi yangu, Bi Khadija. Hodi! Kimya. Nikaita mara kumi, nikagonga, mpaka jirani akachungulia. Shangazi akatoka, msala bado mkononi, amekasirika kwelikweli.

"Hodi ni tatu! Usipoitikiwa, shika ndia uende zako, urudi baadaye. Mimi nasali, wewe wataka nikate sala yangu?"

Niliona haya. Kisha, pale pale mlangoni, nikajiuliza: dereva wangu anaita hodi mara ngapi? Hakuwa na kikomo. Aliiuliza kadi "uko tayari?" bila kuchoka, na kwa kuwa dereva hufanya kazi katika kiini cha mfumo, programu nyingine zote zilisimama zikimngoja yeye. Shangazi alipouliza kama nitakula, nilikuwa nimeshafika mwisho wa kichochoro.

Usiku ule nilimwekea dereva kikomo: aite hodi kwa kiasi, asipojibiwa aseme hivyo, awapishe wengine, arudi baadaye. Ijumaa, Bwana Mutua aliuchomoa waya wa chombo makusudi. Kompyuta ikaandika mstari mmoja, "Kadi haijibu," ikaendelea na shughuli zake. Akaurudisha waya, vipimo vikaingia.

"Basi inabaki," akasema. Nililia, wala sioni haya kukwambia.

Mwanangu, kuuliza si ujinga, ila kuwe na kikomo. Uliza, ngoja kwa kiasi, kisha ondoka bila kinyongo, ili wengine nao wapite. Asiyekujibu si lazima amekudharau, wala si lazima ni mbovu. Huenda yuko kwenye sala. Mola akufungulie milango aliyokuandikia, na ile isiyofunguka leo, akujaalie kuipita kwa moyo mweupe.