Nilikaza Bolti Zilizokwisha Kukazwa

Kosa ni langu, na usinitafutie udhuru. Kioko hakulegeza kitu. Aliyeharibu breki za mjukuu wangu ni mimi, kwa mikono yangu hii, kisha nikamwacha mtu mwengine abebe lawama.

Majina ya watu nayataja kama yalivyo. Langu tu nalificha, maana bado naishi hapa Changamwe, na aibu niliyo nayo yatosha.

Mimi ni mjane wa fundi wa malori. Marehemu Salim alikuwa akitengeneza malori hapa hapa uani kwetu, na mgongo ulipomshinda, mimi ndiye niliyekuwa mkono wake. Skuli niliishia darasa la tatu, lakini bolti nazijua. Bolti ya lori haikazwi kwa mkono mtupu. Salim alikuwa akivika bomba kwenye spana ili mpini uwe mrefu, tukaiegemea sote wawili mpaka chuma kilie. "Bolti isiyolia haijakaza," ndivyo alivyokuwa akisema. Na kwa ajili ya chumvi ya hewa yetu hii, kila bolti ilipakwa grisi kwanza, isije ikashika kutu. Hayo ndiyo niliyoyajua, nikadhani ndiyo yote yaliyoko.

Mjukuu wangu Bakari akanunua gari la mbio. Gari dogo, limekaa chini, lina turbo, likiwashwa Mama Riziki wa nyumba ya pili hutoka nje kutazama nani amekufa. Alikuwa akienda nalo mashindanoni. Akalinunulia breki mpya zenye kalipa kubwa nyekundu, yaani kile chuma kinachoibana diski gurudumu lisimame. Akamleta fundi wake, Kioko, mtu wa Machakos aliyekuwa na kibanda cha gereji huko barabarani.

Sikumpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa na adabu, na hiyo adabu ndiyo niliyoishuku. Aliniamkia, akavua viatu mlangoni, akanywa chai na kikombe akaosha mwenyewe. Nikajiuliza, huyu yuwataka nini kwetu?

Siku ya kufunga zile kalipa nikatoa kiti, nikakaa ubavuni kwake. Nikamwona anatoa kichupa, anatia gundi ya buluu kwenye bolti. Gundi.

"Mwanangu, bolti haitiwi gundi," nikamwambia. "Hutiwa grisi."

"Hii ni ya kuizuia isijifungue, nyanya, gari likitetemeka."

"Bolti iliyokazwa yajifungua vipi?"

"Na ukikaza kupita kiasi, nyanya, inakatika."

Bakari akadakia, "Nyanya, muache fundi wa watu. Sasa hivi utamwambia atie na tui la nazi."

Wakacheka. Mimi nikasogeza kiti karibu zaidi.

Kisha Kioko akatoa spana ndefu yenye namba kwenye mpini. Akazisoma zile namba, akaivika bolti, akavuta kidogo, spana ikalia ta, kumbe ndivyo inavyosema imetosha. Akaacha. Hakuiegemea, hakutoka jasho. Bolti ya pili, ta, akaacha. Nikasema, huyu anaziacha legelege makusudi, gari lirudi kwake kila wiki. Halafu akachukua kalamu ya rangi nyeupe, akachora mstari kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma kilicho pembeni yake. Nikamuuliza alama ya nini. Akasema ni ya kujua kama bolti imehama. Nikaitikia kwa kichwa tu. Magari yanaibwa hapa, na wezi wana alama zao.

Walipomaliza wakayachukua magurudumu wakaenda kuyatia tairi mpya. Wakaniacha mimi na gari, liko juu ya stendi, kalipa ziko wazi.

Wallahi sikufikiri mara mbili. Nikalitoa bomba la Salim nyuma ya pipa la maji. Bolti za upande wa kulia nikazifungua zote mbili, nikafuta ile gundi kwa leso kuukuu, nikazipaka grisi, nikazirudisha. Nikavika bomba kwenye spana nikaegemea kwa uzito wangu wote, na mimi si mwembamba. Za upande wa kushoto nilizikaza tu juu ya kazi yake, maana nilishachoka na nilikuwa nikikhofu watarudi.

Bolti moja ya kulia ilifanya jambo. Ilikuwa ngumu, ngumu, kisha ikawa laini mkononi, kama inayovutika. Nikadhani ndiyo imekaa. Kumbe ndiyo ilikuwa ikifa.

Waliporudi, Kioko akafunga magurudumu. Bolti zile ziko kwa ndani, nyuma ya diski. Hakuinama kuzitazama tena. Na kwa nini atazame kazi aliyokwisha kuimaliza?

Siku ya tatu, asubuhi, Bakari alikuwa barabara ya Port Reitz. Lori likasimama mbele yake, akakanyaga breki. Ile bolti ikakatika, kalipa ikapinduka ikajikita kwenye rimu, gurudumu likakwama, gari likazunguka likaingia mtaroni. Aliyemtoa ni dereva wa lile lori, Mwakio, Mungu amlipe. Nyonga ya Bakari ilivunjika. Mpaka leo anatembea na gongo, na mashindano ndiyo basi.

Kila mtu akasema ni Kioko. Aliyeanza kusema ni mimi. "Nilikuwa nimekaa pale," niliwaambia. "Nilimwona kwa macho yangu, hakukaza."

Gari likaletwa uani. Kioko akaja, akalala chini na tochi, akalitazama pande zote mbili. Alikaa huko chini muda mrefu. Alipotoka akasema, "Huku kushoto mistari yangu imehama. Kuna mtu amekaza baada yangu. Na hii ya kulia ina grisi. Mimi sitii grisi."

Mwanangu Athumani, babake Bakari, akamwambia, "Sasa utatwambia majini ndio waliokaza?"

Watu wakaangua kicheko. Kioko alizima tochi. Aliwatazama mmoja mmoja, na aliponifikia mimi akakawia.

Tangu siku hiyo ikawa mimi ndiye ninayemwogopa. Akipita nje, nadhani anachungulia kama bomba liko. Simu ya Athumani ikilia, nadhani ni yeye anayesema. Akiniamkia, nadhani ananitega. Bomba nikalifukia nyuma ya choo.

Wateja wakamkimbia. Siku aliyofunga kibanda akaja kuniaga. Nilikuwa peke yangu, nachambua mchicha.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba."

"Naenda nyumbani. Nyanya, mimi nilijua siku ile ile. Ile grisi ni ya malori, na uani hapa hakuna mwingine wa kuitumia." Akachuchumaa karibu yangu. "Sikukutaja. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Na mimi nikamjibu, "Sijui unalolisema."

"Haya, nyanya. Ubaki salama." Akaenda zake.

Hilo ndilo kosa la pili, nalo ndilo linalonila. Bolti niliikaza kwa ujinga. Uongo niliusema nikiwa na akili zangu timamu, mbele ya mtu aliyenisitiri.

Ulipoingia mwezi wa Ramadhani nikaona nashinda na njaa tu, hakuna saumu hapo. Nikamwita Bakari nikamweleza yote, tangu gundi mpaka bomba. Hakunipigia kelele. Aliniuliza, "Kwa nini hukuniuliza mimi, nyanya?" Athumani naye nikamwambia, akainuka akatoka. Bakari akampigia Kioko simu pale pale. Iliita mpaka ikakatika, mara tatu. Hajashika mpaka leo.

Bakari bado ananiamkia, bado anakula chakula changu. Lakini nikimpa gongo lake ili asimame, hulipokea, kisha hulipindua kidogo akakigusa kile kiatu cha mpira cha chini, kuona kama kimekaa sawa. Hufanya haraka, nisione. Naona.

Basi wewe unayesoma, ukiwa na shaka na kazi ya mtu, mwambie mwenyewe, zana zake zikiwa bado mikononi mwake. Akikueleza usielewe, mwambie arudie. Usiporidhika, tafuta mwengine. Lakini usingoje ageuke ndipo uiguse kazi yake. Mimi nilimfanyia Kioko hivyo, na leo nafanyiwa mimi, ndani ya nyumba yangu, na sina mdomo wa kulalamika.