Kisamvu Chenye Meno

Kadi yangu ya kazi inasema mimi ni Fundi wa Utimizaji wa Oda. Kwetu fundi ni mtu mwenye bisibisi, au walau cherehani, na mama yangu aliposikia hiyo habari ya utimizaji aliniuliza kwenye simu kama nimehamia dhehebu jingine. Kazi yenyewe ni hii: maduka ya bangi ya Marekani na Kanada, yale yenye leseni na maua mezani, huagiza vyombo vyao Guangzhou. Mimi nasoma oda, nachukua kapu, nazunguka kwenye rafu natoa chupa, visagio vya kusagia majani, masinia madogo na mifuko ya kuzuia harufu, nafunga, nabandika anwani. Bangi yenyewe sijawahi kuiona China wala siitafuti, maana hapa ukikutwa nayo utajuta kuzaliwa. Tunauza kila kitu isipokuwa kile ambacho vitu vyote hivyo vimetengenezewa.

Duka liko kwenye jengo la vifungashio nyuma ya mtaa wa Yide Lu, ghorofa moja juu ya watu wa midoli. Mwenyewe ni mama wa Kichina ambaye sote tunamwita laoban, yaani bosi. Ana amri moja kubwa: neno bangi lisitamkwe dukani kwa lugha yoyote. Kwake ile ni "mitishamba ya wageni". Aliniajiri nilipomaliza chuo hapahapa Guangzhou, kwa ajili ya Kiingereza changu, na siku ya kwanza alinipa chupa yenye mfuniko wa kuzuia watoto nijaribu kuifungua. Nilivuta, nikasokota, nikaibana kwa mapaja, nikashindwa. Laoban alifurahi mno, akaamuru mzigo wote usafirishwe. Tangu hapo mimi ndiye kipimo cha mifuniko. Sijapata mwajiri mwingine aliyethamini hivyo kushindwa kwangu.

Wateja wetu wa ng'ambo nao wana mambo. Hawavuti wale, "wanajitunza". Mmoja aliniandikia ujumbe mrefu kwamba kijani cha visagio nilivyomtumia kina ghadhabu, akaomba nimbadilishie kwa kijani chenye utulivu. Nilimfungia vilevile kutoka rafu ileile, nikatia na kikaratasi cha kumtakia amani. Akashukuru sana, akasema tofauti ameihisi alipofungua boksi tu.

Waswahili huja mara chache. Wengi wako Guangyuan Xilu wanahangaika na marobota ya nguo, na anayepanda mpaka kwetu huwa anatafuta vifungashio vya karanga au asali, ambavyo laoban kaviweka kwenye kona yake, mbali na vile vingine. Siku moja akaingia mama wa Unguja. Mtu mzima, mtandio wa hariri, miwani moja machoni na nyingine imetundikwa shingoni, na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Alhamdulillahi, kumbe kuna mtu wetu humu."

Akanieleza biashara yake kabla sijamuuliza. Anauza kisamvu kikavu kwa Waswahili walioko Uarabuni: anakitwanga, anakichemsha, anakianika, anakipaki. Kimependwa mno, ila mifuko yake ya nailoni inamwaibisha. Anataka mfuko wa kifahari. Nilikuwa namwelekeza kwenye kona ya karanga aliposimama ghafla mbele ya rafu ya katikati. Pale palikuwa na mifuko ya kijani kilichokoza, ukingo wa dhahabu, na kifuani jani moja kubwa lenye vidole saba.

"Hiki hapa kisamvu changu! Hebu niteremshie. Wachina hawa nani kawaambia habari za kisamvu?"

Kabla sijapata la kusema akaugeuza mfuko akataka nimsomee maandishi ya nyuma. Nikasoma: weka mbali na watoto.

"Umeona? Kisamvu kibichi kina sumu, kisipoiva vizuri kinadhuru. Sisi tumekila miaka yote, nani kwetu kapata akili ya kuandika hivyo? Hawa wamesoma. Endelea."

"Hairuhusiwi kwa walio chini ya miaka ishirini na moja."

Akafikiri kidogo. "Hapo wamezidisha," akasema.

Laoban alikuwa ndani anakunywa chai, kwa hiyo nikainama nikamnong'oneza. "Mama, hili si jani la kisamvu. Hili ni jani la bangi."

Hakuutazama mfuko. Alinitazama mimi.

"Angalia kingo zake," nikasema. "Zina meno kama msumeno. Kisamvu hakina meno."

"Kachora Mchina, ulitaka achore vipi? Keshawahi kulima muhogo? Na wewe mtu wa bara, kisamvu umekijulia wapi?"

"Hata kwetu tunakila, mama."

"Mnakila bila nazi, halafu unataka kunifundisha."

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akasema siku hizi simu inatengeneza picha yoyote. Hapo nikakata tamaa, nikatoa neno la mwisho nililokuwa nalo: "Mama, nakuomba. Mzigo huu utakamatwa."

Hapo ndipo nilipojiharibia, na lazima nieleze ugonjwa wetu ili ieleweke. Sisi Waswahili wa Guangzhou tunapendana sana mpaka pale mmoja anapomuuliza mwenzake ananunua wapi. Ukimkuta mtu Yide Lu na mzigo mkononi, atakuapia kwamba ametoka soko la Shisanhang. Na ukipata bidhaa nzuri, mwenzako akakuona nayo, atakuvuta pembeni kwa huruma ya ndugu wa damu akwambie usiiguse, hiyo inakamatwa bandarini. Kila mmoja wetu ameshaambiwa hivyo, na wengi wetu tumeshasema. Bidhaa yenyewe haikamatwi. Baada ya muda unaikuta imejaa dukani kwa yule yule aliyekuhurumia.

Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuanze kubishana.

"Ehee! Sasa umesema. Nani kakutuma? Jirani yangu wa Darajani, si ndiye? Anautaka yeye?"

"Hakuna aliyenituma, mama."

"Utakamatwa, utakamatwa! Mzigo wa kwanza anaubeba binti yangu wa kumzaa. Anarudi kwa mumewe Muscat, begi zima. Ningekuwa na wasiwasi ningempa mwanangu?"

Nililiona begi lile kichwani mwangu, limefunguliwa kwenye meza ya ukaguzi. Majani makavu ya kijani, yaliyosagika, ndani ya mifuko isiyotoa harufu, na picha ya bangi ya dhahabu juu ya kila mmoja. Na msichana pembeni anaapa kwamba ni mboga. Hata mimi ningemkamata. Wangekuja kugundua ni kisamvu, naam, lakini baada ya nini, na msichana akiwa amelala wapi?

Nikaingia ndani kwa laoban, nikamwomba amwambie mteja mei you, hakuna, mifuko imekwisha. Nilimweleza sababu. Sasa, mifuko ile ilikuwa yatima. Duka moja la Marekani liliiagiza likaikimbia, na laoban alikuwa akiisikitikia kila asubuhi kama mzazi mwenye mwali asiyepata mchumba.

"Bu xing," akasema. Haiwezekani. "Akiuliza, mwambie mitishamba. Bandari ya kwao si bandari yangu."

Nilitoka mle nimekasirika. Nilimkasirikia laoban na chai yake, nikamkasirikia mama na kichwa chake kigumu, na zaidi ya yote nilimwogopea binti nisiyemjua hata sura. Ukweli nilikuwa nimeshautoa wote, kwa upole, kwa picha na kwa kuomba, na haukufua dafu. Ikabaki dawa ya kienyeji ya Guangzhou.

"Nisamehe, mama," nikasema, nikaangalia chini kama mtu aliyebanwa. "Nilikuwa nakuficha. Huo mfuko jirani yako wa Darajani ameshauchukua. Na watu wa Kariakoo pia. Mzigo wao uko njiani. Ukifika nyumbani utaukuta kila duka."

Mama aliuweka mfuko chini taratibu, kwa ncha za vidole.

"Na kisamvu?" akauliza. "Wanatilia kisamvu?"

"Kisamvu, mama."

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unanizungusha na mabangi yako! Umemuuzia wazo langu!"

Wazo lilikuwa na umri wa nusu saa, lakini sikubisha. Akachagua mifuko ya hudhurungi yenye picha ya chungu, kutoka kona ya karanga, akaagiza mingi, akaondoka bila kuniaga. Laoban alininunia hadi wiki ikaisha, ingawa alikuwa ameuza. Mifuko yake yatima ilikuwa bado inamtazama.

Haikuchukua muda sauti ya mama ikasambaa kwenye kundi letu la simu, ile sauti ya ng'ambo ya barabara: "Jamani, kuna mtoto mmoja wa bara, yupo nyuma ya Yide Lu, anauza mawazo ya watu. Siri zenu mpelekeeni mkiwa mmezichoka." Watu walicheka, wakatumiana tena. Mgahawani nikikaa, simu zinageuzwa kifudifudi mezani. Dada mmoja tuliyekuwa tukienda naye kanisani alianza kunieleza kwamba siku hizi hanunui chochote, anatembea tu mjini kunyoosha miguu, na huku begani ana mfuko wa sampuli unaomvuta upande.

Jibu nilikuwa nalo. Dakika moja ya kurekodi ingetosha: huyu mama alitaka kumfungashia mwanawe bangi ya kuchora aende nayo Muscat. Jioni hiyohiyo angeitwa Mama Bangi, na kwetu jina la namna hiyo halitoki, watu wangemzika nalo. Nilirekodi. Nikajisikiliza, nikacheka peke yangu, nilikuwa mzuri kwelikweli. Kisha nikafuta, maana nusu ya kundi ingemcheka hadi afunge duka, na nusu nyingine ingesema natunga ili nimmalize. Nililia stoo, katikati ya maboksi ya visagio. Iliniuma sana. Laoban akachungulia, akaniuliza ni mfuniko gani huo ulionishinda.

Miezi ikapita. Siku moja nikiwa nafunga oda ya yule bwana wa kijani chenye utulivu, nikaisikia ile sauti kwenye ngazi. Mama amerudi, mifuko ya chungu imemwishia. Safari hii alikuja na mwanamke mgeni, ndiyo kwanza anafika Guangzhou, muuza unga wa majani ya mlonge kutoka Mwanza. Nikampa mama shikamoo. Aliitikia akiuangalia ukuta, akaenda moja kwa moja kwa laoban na simu ya kutafsiri, kana kwamba mimi ni rafu.

Huku akisubiri alikuwa akimsimulia mgeni wake. Mifuko ya chungu imempa heshima. Binti yake kapita nayo Muscat, begi zima, wala hawakulifungua. Keshazaa sasa, mtoto wa kiume. Mikono yangu ilisimama juu ya boksi niliposikia hivyo. Nilifurahi, nikachukia kwamba sina wa kumwambia kwa nini nimefurahi.

Mgeni hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa amesimama mbele ya rafu ya katikati.

"Mama, huu wa kijani mbona mzuri hivi? Unanifaa kwa mlonge wangu."

"Usiuguse huo," mama akasema. "Kila mtu anao."

"Mbona mimi sijauona popote?"

"Mwanza mtauona lini? Muulize huyo." Akaninyooshea kidevu. Lilikuwa ndilo neno lake la kwanza kunihusu tangu siku ile. "Huyo ndiye aliyemuuzia kila mtu."

Mgeni akanigeukia. Alikuwa na uso mwema, wa mtu ambaye hajadanganywa na Guangzhou hata mara moja. Mfuko ulikuwa mkononi mwake tayari, na alikuwa akiusugua ule ukingo wa dhahabu kwa kidole gumba.

"Ni kweli, dada?"

Ukweli wote ulikuwa mdomoni, pamoja na kundi, na mgahawa, na kilio cha stoo.

"Ni kweli, dada," nikasema. "Nimemuuzia kila mtu."

Akaurudisha rafuni.

"Umemsikia?" mama akamwambia. "Hana hata haya."