Farao wa Sukari

"Tangu dunia iumbwe hakuna binadamu aliyeonewa kama mimi," Obedi alikuwa anatuambia, amesimama mlangoni kwake na koti la suti. "Hata Yesu alipata wa kumzika. Mimi nimeletewa sukari."

Kweli aliletewa. Mama yake alifariki jana yake, na asubuhi hiyo kila nyumba ya jirani hapo Mkolani ilileta kilo moja, ikaiweka barazani, ikatoa pole, ikakaa. Wanaume tulijaza mabenchi. Jembe halikuonekana hata moja. Na ardhi ya Mkolani mnaijua, ukifika magotini umekutana na mwamba. Kaburi huku linataka wanaume wengi na mitaimbo. Peke yako utachimba mpaka na wewe uzikwe humo humo.

Kwa wasiomjua, huyu Obedi miaka ile ya uhaba ndiye aliyeshika funguo za ghala la bidhaa mjini. Sukari, sabuni, khanga, vyote vililala kwake. Tukamwita Farao, naye akalipenda hilo jina. Alisoma historia kidogo chuo cha ualimu Butimba, basi akawa anatufundisha kwenye pombe: Misri ilidumu kwa sababu ya ghala, Roma ikaanguka kwa sababu wadogo walizoea kuwajibu wakubwa. Tunaitikia. Utabisha nini na chai unataka kunywa?

Akifiwa mtu, Farao haji. Anatuma dereva na kilo moja ya sukari, aseme bosi yuko kwenye hesabu. Chenge alipofiwa na mke, kaburi lilikwama kwenye mwamba, akamfuata ghalani mwenyewe kuomba mikono. Farao akamwambia, "Chenge, kwani uliambiwa Farao alichimba piramidi?" Akampa kilo ya pili.

Halafu biashara ikafunguliwa. Sukari ikajaa mpaka kwenye vibanda vya Mabatini, ikakosa heshima. Ghala likafungwa, panya wakahama, gari likaondoka na dereva wake. Dola nzima ikabaki koti. Wenye malori ya samaki wa sangara ndio mafarao wetu wa sasa, na nasikia nao wameanza kutuma madereva misibani. Obedi hata baada ya kuanguka hakujifunza kushika jembe. Misiba ikawa inapita, anatuma salamu bila sukari.

Sasa Chenge alikuwa benchi la mbele, mikono juu ya magoti.

"Jua linapanda, Chenge," Obedi akasema. "Mama yangu huyu aliwapakata watoto wenu wote."

"Tunajua. Mama hana kosa."

"Basi inukeni."

"Tuko kwenye hesabu."

Watu wakacheka. Msibani, maiti ndani, watu wakacheka mpaka wanawake wakanyamaza kulia ili wasikie kuna nini.

Obedi akajikohoza. "Hivi ndivyo dola zinavyokufa. Roma haikuuawa na adui. Iliuawa na wivu wa majirani."

"Iache Roma ilale," Chenge akasema. "Majembe yako kwangu, mitaimbo pia iko kwangu, vijana wamenoa tangu jana. Faini ya mbuzi kwa asiyechimbia wenzake kaburi tumekusamehe, mbuzi mwenyewe utamtoa wapi. Tunataka neno moja tu, na unalijua."

Mke wa Obedi, Tereza, akatoka ndani, pua ameiziba kwa upande wa khanga. Akamshika mumewe mkono.

"Baba Evelina, liseme. Mama ameanza kuharibika."

Obedi akatutazama benchi kwa benchi. Hakuna aliyeinamisha macho.

"Hebu nifundishe, mwalimu," Chenge akasema. "Katika wafalme wako wote hao walioanguka, hakuna hata mmoja aliyewahi kusema nimekosa?"

Obedi akautoa mkono wa mkewe taratibu, kidole kwa kidole, akaruka miguu ya waliokaa chini, akateremka kuelekea barabara kuu, mama yake bado ndani.