Pasi ya Watu Watatu

Mke wa Nzomo alikufa katika hospitali moja ya Mombasa tarehe sita Oktoba, mwaka 1956, na Desemba ilipoingia watoto wake wawili walikuwa bado hawajaambiwa.

Nzomo hakukaa chini akaamua kuwaficha. Alikuwa nyapara wa genge la reli, na siku telegramu ilipofika Voi yeye alikuwa huko upande wa Tsavo na watu wake, wakibadilisha mataruma, yale magogo yanayoshika reli, yaliyoliwa na mchwa. Stephen, karani wa stesheni, alimwekea ile karatasi. Aliporudi kwa kiberenge, kile kigari cha reli, baada ya siku tisa, mkewe Mutindi alikuwa amekwisha kuzikwa na watu wa hospitali. Alipofika nyumbani, kwenye landhi za wafanyakazi wa reli, alimkuta Kituku, mwanawe wa miaka kumi na sita, ameketi mlangoni na daftari la hesabu magotini. Mtihani wa darasa la nane ulikuwa umebakiza wiki tano. Nzomo akasema moyoni, mtihani upite kwanza. Alikuwa amekwisha kumsihi Stephen asiseme. Akavua viatu, akanawa, akala ugali aliopika binti yake Ndunge.

Mtihani ukapita, na lile neno likakosa pa kuanzia. Ndunge, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alimwandikia mama yake kila Jumapili na kumpa baba barua ampelekee gadi wa treni. Nzomo alizipokea akazificha sandukuni, chini ya sare zake. Zilikuwa zimefika saba. Ndunge alipouliza mbona mama hajibu, aliambiwa kwamba mgonjwa hana nguvu za kumwandikisha mtu barua.

Ndipo Nzomo akafikiria kuwapeleka Mombasa kutembea. Alikuwa na haki ya pasi ya mwaka ya kusafiri bure kwa treni, na Jumamosi iliyofuata alikuwa na ruhusa. Aliipanga siku kama alivyozoea kuipanga kazi ya genge. Asubuhi wangetazama meli Kilindini. Kisha wangepanda kivuko cha Likoni, wavuke na kurudi bila shughuli yoyote, wale mihogo ya kukaanga, na saa nane waingie sinema. Saa kumi, wakiwa wameshiba na kucheka, angewaketisha mahali penye kivuli awaambie. Baada ya hapo wangekwenda makaburini, ambako yeye mwenyewe alikuwa hajafika.

Mpango huo alimweleza Tryphena, jirani yake kutoka Werugha. Mbali na Stephen, ni huyo tu aliyejua habari ya msiba. Tryphena alikuwa amepakata ungo anachambua mboga.

"Baba Kituku," alisema, "hawa si watoto wa kubebwa mgongoni. Ukiwapeleka mahali watauliza wanakwenda kufanya nini."

"Ndiyo maana nitawaacha wachague wenyewe."

Tryphena akarudi kwenye mboga zake.

Alhamisi, jua likiwa bado liko juu ya vilima, Nzomo aliweka pasi mezani akawaambia watoto habari ya safari. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu nyumba ile isikie kelele za namna hiyo. Kituku alisema Ndunge akiiona bahari atashika shati la baba asiliachie hadi Voi. Ndunge akamjibu kwamba afadhali yeye, kuliko mtu atakayevua viatu mlangoni pa sinema akidhani ni msikitini. Nzomo aliwasikiliza, akaona kama kwamba mpango wake utakwenda. Akawaambia kila mmoja achague jambo moja analolitaka kuliko yote, na hilo litakuwa la kwanza.

"Hospitali," Kituku alisema.

"Mimi pia," Ndunge akasema. "Wagonjwa huonwa saa ngapi?"

Nzomo akasema ni saa kumi. Akawaeleza habari za meli, na za kivuko, na jinsi kinavyobeba motokaa na watu pamoja. Ndunge akasema kivuko kingoje, watakaa mlangoni pa hospitali tangu asubuhi, huenda mlinzi akawaonea huruma.

Kituku alikuwa amechukua pasi anaisoma. Watoto wa landhi waliijua pasi kama watoto wa mchungaji wanavyoijua Biblia.

"Baba, hapa wameandika kwenda watu watatu, kurudi watu watatu."

"Ndiyo."

"Na mama?"

Nzomo akasema mama ana pasi yake, ile aliyoondoka nayo Agosti.

"Ile ni ya miezi mitatu. Ilikwisha mwezi uliopita. Wakimruhusu Jumamosi, atarudi na nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ilikuwa kazi ndogo kusema atamwombea nyingine kwa Stephen. Lakini Ndunge alikuwa ameinua uso, na tabasamu lilikuwa limeanza, akilisubiri jibu hilohilo.

"Harudi," Nzomo alisema. "Mama yenu alikufa. Mwezi wa kumi, tarehe sita."

Kituku aliirudisha pasi mezani polepole. Ndunge aliuliza barua zake ziko wapi. Baba akasema ziko sandukuni. Akajaribu kueleza, habari ya Tsavo, habari ya mtihani, na mwisho ile ya siku ya Mombasa, ilivyopangwa saa kwa saa hadi kufika kwenye kivuli.

"Ulitaka tucheke kwanza," Ndunge akasema.

Kisha Ndunge aliuliza nani alimwosha mama, alivishwa nguo gani, nani aliomba. Kwa kila swali Nzomo alisema hajui. Kituku akatoka nje, akasimama kando ya reli akiwapa mgongo, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema safari ipo palepale, lakini wakishuka watakwenda makaburini moja kwa moja. Nzomo akaitikia kwa kichwa, kama mtu wa genge anavyomwitikia nyapara.

Jumamosi walipanda treni ya alfajiri. Njiani askari alipita akikagua vitambulisho kwa ajili ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, akakitazama cha Nzomo mara mbili, akamrudishia.

Saa nne walikuwa makaburini. Mlinzi, mzee mwenye kikohozi, alifungua kitabu akapita na kidole hadi Oktoba. Akataja namba, akasema hakuna jina pale, ni kibati tu, na nyasi zimeota. Halafu akachukua kalamu. Alitaka kuandika ni nani waliokuja, kwa sababu tangu siku ile hakuna aliyemuulizia marehemu huyo.

"Ninyi ni nani wake?"

Nzomo alifungua kinywa.

"Sisi ni watoto wake," Ndunge akasema, akajionyesha mwenyewe na kaka yake.

Mlinzi aliandika. Kisha akainua macho kwa yule mtu mzima aliyesimama nyuma yao, kofia mkononi, akangoja. Ndunge alikuwa ameanza kwenda. Kituku ndiye aliyekawia, akiangalia kalamu ya mzee.

"Na huyu," akasema hatimaye, "ni mume wake."