Nge wa Kwao Ndizeye

Dorotea hakumwamini yule nge tangu siku alipoingia nyumbani. Mumewe, Ndizeye, alirudi kutoka vibarua vya Ilagala na kopo la maziwa ya unga, mfuniko ameutoboatoboa kwa msumari mnene, akaliweka dirishani kama mtu aliyeleta redio.

"Huyu ni wa kwetu Makamba," akasema. "Tulikuwa tunawachezea, mimi na marehemu kaka yangu. Hawana neno."

Wa kwao! Ilagala na Makamba wapi na wapi? Lakini miaka ile, wakimbizi wakimiminika barabara ya Kasulu, Ndizeye alikuwa akiona kwao kila mahali. Mwenyewe alivuka mpaka kutoka Makamba na shati la mwilini tu. Dorotea, Muha wa hapohapo Kidahwe, aliolewa naye akilijua hilo, akameza maneno. Jicho tu ndilo hakuliondoa kwenye kopo.

Alihofia usalama wa Iradukunda, mtoto wao wa miezi saba. Alikuwa ameanza kujisukuma kwa magoti mkekani. Bado kidogo angetambaa, na mtoto anayetambaa kila akiokotacho hukipeleka mdomoni.

Dorotea akamwonyesha mama yake mzazi yule nge. Mama akachungulia, akatikisa kichwa. Nge wa Kidahwe anawajua, weusi, wenye mikono minene. Huyu wa kahawia, mikono kama njiti na mkia mnene, hajapata kumwona. Dorotea akalibeba kopo hadi zahanati, kwa Nassib, tabibu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga.

"Angekuwa wa kwetu Tanga ningekwambia," Nassib akasema, akivuta kiti nyuma. "Huyu simjui, mama. Akimuuma mtoto, dawa ya sumu yake sina. Mkamuue leo."

Ndizeye alinuna siku mbili. Akalihamishia kopo juu ya kabati, akasema nge wake haendi popote. Dorotea akaanza kumshuku hata mume. Mbona kila akimuuliza amemwokota wapi hasa, jibu linabadilika, mara chini ya gogo, mara kwenye tita la kuni? Na mbona mdudu ananenepa hivyo?

"Anashiba," Ndizeye akajibu. "Panzi wa hapa ni wazuri."

Anashiba, eti! Wiki chache baadaye, mumewe akiwa shambani, Dorotea alilishusha kopo, akainua mfuniko kwa ncha ya kisu. Nge alikuwa amekonda. Mgongoni alikuwa amebeba watoto sita, wadogo kama punje za mchele. Na ndani ya kopo, chini, kulikuwa na vigamba walivyojivua watoto, kila mmoja kimoja. Dorotea alivihesabu hadi ishirini na mbili, kisha akatazama matundu ya mfuniko.

Alimnyakua Iradukunda kutoka mkekani, akamfunga mgongoni. Akachemsha maji, akayamimina yote koponi, ndipo akatuma mumewe aitwe.

Ndizeye alichutama mbele ya kopo.

"Mama Ira," akasema, "kwetu sijawahi kuona nge wa namna hii."

"Sasa ulisema vile kwa nini?"

"Nilitaka na mimi niwe na kitu cha kwetu."

Dorotea alikuwa na matusi tele kinywani, akayaacha. Walitoa kila kitu nje, wakafukiza nyumba, wakaziba nyufa, wakasiriba sakafu upya. Kati ya watoto wa nge waliotoroka, waliwapata wanne. Kumi na wawili hawakuonekana tena.

Basi Dorotea hakumshusha mtoto. Alilima naye mgongoni, akapika naye mgongoni, na majirani wakamsema kwamba anamdekeza. Iradukunda hakutambaa hata siku moja. Aliwekwa chini akiwa na mwaka na miezi minne, uani penye jua, akasimama akiyumba, akamwendea baba yake hatua tano. Ndizeye akampokea, na kabla hata ya kucheka alimgeuza nyayo, mmoja baada ya mwingine, akazikagua.