Kiti Nilichokiwamba Kama Ngoma

Kazi yangu ya kwanza katika ufundi wa viti vya magari niliiharibu: niliwamba ngozi mbichi ya ng'ombe juu ya kiti kirefu cha mbele, cha dereva na abiria wake, kama watu wa kwetu wanavyowamba ngoma.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la mizigo, aina mnayoiita pikapu. Tajiri mmoja wa Shinyanga mjini alilinunua kwa bei rahisi likiwa limechakaa, apeleke bidhaa machimboni Geita. Ndani, turubai la kiti lilikuwa limeoza na springi zimechomoza. Sikuwa nimefundishwa na mtu. Nilishona kwa msharasi, ile sindano nene ya washona viatu, nikafumua na kushona tena kila nilipoona mshono umepinda. Usingizi ulinipaa.

Fundi mkuu wa gereji nilikofanyia kazi hiyo alikitazama. "Kizuri. Umekikalia?"

"Bado kinakauka, fundi," nilijibu. Kwa kweli niliogopa kukichafua.

Tajiri alikisifu mbele za watu, akanichukua safari ya kwanza nikamalizie dari huko huko Geita. Yeye alitangulia kwa gari la rafiki yake. Mimi nilipanda nyuma, juu ya magunia, ili nisikichafue kiti. Dereva alikuwa Mzee Masanja, mtu mpole. Tulipopumzika njiani nikamwona amekunja blanketi na kulikalia.

"Shikamoo mzee. Blanketi hilo litachubua mshono."

"Marahaba. Njoo ukae huku ndani, ng'wana wane," aliniita mwanangu kwa Kisukuma.

Nilikaa pembeni yake. Ngozi ilikuwa imekauka na kujivuta mpaka springi zikalala. Kila shimo la barabara lilipanda moja kwa moja hadi shingoni. Sikuwahi kuona aibu kama ile.

"Mbona hukusema, mzee?"

"Nikisema mgongo unauma, tajiri atasema nimezeeka. Nitakula nini?"

Tulipofika Geita mjini, mzee alilikunja blanketi haraka akalificha. Lakini kushuka kwake kulimsaliti.

"Masanja, unatembea kama kuku aliyenyeshewa," tajiri alisema. "Pumzika nyumbani. Hapa vijana wa kuendesha wamejaa."

Mzee aliinamisha kichwa. Nilisogea mbele yake nikasema, "Tajiri, mgongo wake hauna kosa. Kiti changu ndicho kibovu."

"Kiti hiki nilichokusifia?" Alikigonga kwa kidole. Kikatoa mlio kama ngoma. Wachimbaji waliokuwa karibu wakacheka, mmoja akauliza harusi ni ya nani.

"Kikalie wewe, tajiri, mpaka machimboni na kurudi."

Alikwenda na Masanja pembeni yake. Waliporudi, tajiri alishuka amejishika kiuno.

"Ondoa ngoma yako," alisema. "Masanja, usiende mbali. Kesho tunapakia."

Niliifumua ngozi, nikailoweka, nikaisugua kwa samli na kuifikicha mpaka ikalegea kama kitambaa. Chini yake nilijaza sufi, nikaacha nafasi springi zicheze. Mshono ulitoka umepinda kidogo. Nikauacha, na kabla ya kufunga nilimwita Mzee Masanja akae. Alikaa, akafumba macho, akasema nipunguze upande wa kushoto.

Sasa nimestaafu, na viti huja vimeshonwa kiwandani. Tangu siku ile sikufunga tena kiti kabla ya dereva wake kukikalia.